Tamko la Wafanyabiashara wa Soko la Ogwedhi Kuhusu Thamani ya Fedha za Umma

Ogwedhi, Kaunti ya Migori

Kwa: Mheshimiwa Gavana na Kamati Kuu ya Kaunti, Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, wanahabari, na wananchi wote

Sisi, wafanyabiashara wa soko la Ogwedhi, tukiwa wanunuzi na madalali wa mifugo, wauza nafaka, akina mama mboga, wenye vibanda na waendeshaji bodaboda, tumekutana, tukajadiliana na kuafikiana kutoa tamko hili kuhusu bajeti ya kaunti ya mwaka ujao wa fedha.

Soko letu liko mpakani mwa Migori na Narok. Wajaluo, Wamaasai na Wakuria hununua na kuuza hapa. Mnadani hakuna anayemlipia ng'ombe kwa kuwa tu ameletwa. Mnunuzi humfungua kinywa akague meno, humpapasa ubavu, humtembeza aone kama anachechemea, ndipo atie mkono mfukoni. Serikali ikitununulia kitu kwa ushuru wetu, tunataka nayo ikague vivyo hivyo.

MSINGI WA MSIMAMO WETU

Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu athibitishe kama fedha zilitumiwa kihalali, na pia kama zilileta manufaa. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti masoko na minada ya mifugo. Kwa hivyo tunapouliza tulipata nini kwa pesa zetu, hatuombi hisani.

TUNALOLALAMIKIA

Kila robo mwaka Msimamizi wa Bajeti huchapisha asilimia ya bajeti ambayo kila kaunti imetumia. Takwimu hizo ni muhimu, lakini zimezoeleka kama cheti cha kufaulu: aliyetumia nyingi husifiwa, aliyebakisha hulaumiwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Choo cha soko kisicho na maji kinaingia katika asilimia hiyo sawasawa na choo kinachotumika. Kutumia siyo kupata.

Taifa zima limewahi kulipia somo hili. Mwaka wa 2015 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kukodi mitambo ya matibabu kwa hospitali 98, mbili kutoka kila kaunti na zile kuu za kitaifa. Kila kaunti ilianza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kikapanda hadi milioni 200. Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza mpango huo mwaka wa 2020, ilikuta mitambo iliyokaa bure kwa kukosa umeme, maji, vyumba au wahudumu. Malipo yaliendelea hata pale mgonjwa alipokosa huduma. Kabla ya kutia sahihi, ilitosha kuuliza kila hospitali: mtambo huu utawekwa wapi, na nani atauendesha?

Tunajua pia kwamba thamani siyo urahisi wa bei. Zabuni ya chini kabisa inayozaa ukuta wenye nyufa kabla ya mvua ya pili ni hasara. Wala thamani siyo wingi wa watu peke yake. Zahanati ya mpakani inaweza kuhudumia wachache na bado ikastahili kila shilingi, maana mama mjamzito akiikosa hana pengine pa kukimbilia usiku. Ndiyo sababu wanaotumia huduma lazima wawepo inapopimwa.

TUNADAI

1. Kila mradi uwekewe bango mahali pake, likionyesha gharama, mwanakandarasi, tarehe ya kuanza na ya kukamilika, na huduma ambayo wananchi wanatarajia. Nchini Uganda, utafiti ulibaini kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza kiasi kilichotumwa magazetini na kwenye mbao za matangazo za shule, na kufikia 2001 kiwango hicho kilikuwa kimepita asilimia 80.

2. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kamati ya ukaguzi na upokeaji. Kamati hiyo ikija sokoni, watumiaji wa soko waalikwe kushuhudia. Bomba lifunguliwe tuone maji. Ng'ombe apandishwe kwenye kipakilio mbele ya macho yetu kabla ya malipo ya mwisho.

3. Mwaka mmoja baada ya kukamilika, kila mradi upimwe upya: unafanya kazi? Unatumiwa na nani? Matokeo yasomwe barazani kwa Kiswahili, Dholuo, Kimaasai na Kikuria. Hakuna haja ya mshauri wa kukodi kutoka Nairobi kwa kazi hii.

4. Fedha za kukarabati mradi uliopo zitengwe kabla ya mradi mpya wa aina ile ile kuanzishwa.

5. Bunge la Kaunti lijadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea, kama Katiba inavyoagiza, na wananchi waelezwe hatua hizo.

TUNAAHIDI

Haki hii ina wajibu wake. Tutalipa ushuru na kudai tiketi kwa kila mnyama, na hatutawatetea wanaopitisha mifugo kwa njia za panya ili kukwepa malipo. Tutaweka daftari la huduma za soko: siku maji yalipokatika, taa ilipozimika, takataka zilipozolewa. Mwanachama atakayeteuliwa kufuatilia mradi hataruhusiwa kuomba zabuni yake.

HATUA ZINAZOFUATA

Tutaomba kwa maandishi, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mikataba na gharama za miradi ya soko hili. Sheria inatoa siku 21 za kujibiwa. Tukinyimwa, tutawasilisha malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sambamba na hilo, tutapeleka ombi rasmi katika Bunge la Kaunti kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, tukitaka madai haya yazingatiwe katika makadirio ambayo sheria inataka yafike bungeni kufikia Aprili 30.

Majibu tutakayopata, na yale tutakayonyimwa, yote yatasomwa hapa sokoni siku ya mnada.

Limetolewa Ogwedhi kwa niaba ya wanachama,

Mwenyekiti
Katibu
Mweka Hazina