Mwalimu mstaafu, uliza umri kwanza

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayetafuta kazi nje ya nchi asianze na wasifu, wala picha ya pasipoti, wala piko ya kufunika mvi. Aanze na swali moja: sheria ya nchi ile inampa kibali cha kazi mtu wa umri wangu, mwenye pasipoti kama yangu? Jibu lije kwa maandishi, na lije kabla ya shilingi yoyote kutoka kwenye simu.

Swali lenyewe ni jepesi, na bado kila mtu analikwepa. Wakala halitaji kwa sababu anaishi kwa ada ya usajili, na ada hiyo hairudishwi. Shule ya huko inanyamaza kwa adabu, au kwa sababu anayejibu barua pepe siye atakayepanga foleni uhamiaji. Mwalimu naye anaona haya: ameshika chaki miaka thelathini na zaidi, leo aanze kujieleza alizaliwa lini kama mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza? Matokeo yake tunayajua, maana karibu kila mtaa una mtu yaliyemkuta. Ada imelipwa, vipimo vya afya vimefanywa, vyeti vimegongwa mihuri wizarani, cheti cha tabia njema kimetoka polisi, ndipo unaingia ujumbe wa mstari mmoja kwamba nafasi zimejaa.

Hazikujaa. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa kwenye pasipoti tangu siku ya kwanza, na kila aliyeishika aliuona.

Hakuna mtu mwenye akili zake anayepanda basi, akalipa nauli, akala mayai ya kuchemsha mpaka Morogoro, ndipo amuulize kondakta kama gari linakwenda Tanga. Kwenye kazi za ughaibuni watu wazima wanafanya hivyo hivyo, tena kwa kiinua mgongo.

Hebu tuyataje yanayojulikana. Nchini Kenya mwalimu wa serikali hulazimika kustaafu akifikisha miaka 60. Tanzania ni vivyo hivyo, ingawa anaweza kutoka kwa hiari akiwa na 55. Sasa tazama Uchina, nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa soko kubwa la walimu wa Kiingereza kutoka nje: kibali cha kazi cha walimu wa aina hiyo kwa kawaida huishia kwenye miaka hiyo hiyo 60. Anayengoja barua ya kustaafu ndipo aombe Uchina anafika siku wanapofunga. Korea Kusini shida ni nyingine. Viza ya mwalimu wa Kiingereza huko kwa kawaida ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya, Mtanzania au Mganda, awe na miaka 25 au 65, hayumo, na hakuna wakala wa Nairobi wala Kariakoo atakayemtia humo. Shule nyingi za Ghuba nazo huweka kikomo cha umri, na aghalabu hukiandika kwenye mstari wa mwisho wa tangazo, ule ambao wakala huukata kabla ya kulirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Wanaosema watafundisha mtandaoni wakumbuke Julai 2021, Uchina ilipoibana biashara ya masomo ya ziada na kuwapiga marufuku walimu walio nje ya nchi kuwafundisha watoto wake. Soko lililokuwa likiwalisha walimu wengi lilisinyaa kwa agizo moja. Kazi za mtandaoni bado zipo, lakini mtu asizifanyie hesabu ya kodi ya nyumba.

Ni haki? Si haki hata kidogo. Mzungu mstaafu wa miaka 68 akishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kuja kujitolea kufundisha Kiingereza kijijini, tunampigia ngoma na kumpa kiti cha mbele. Mwalimu wetu wa umri ule ule, aliyesahihisha insha za kidato cha nne kwa taa ya chemli, anaambiwa Kiingereza si lugha aliyozaliwa nayo. Tulalamike, tuna sababu. Ila malalamiko hayagongi muhuri kwenye pasipoti, na mstaafu hana miaka kumi ya kungoja Seoul ibadili sheria.

Wakati anaitazama Asia, ameipa kisogo kazi iliyo jirani.

Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo shuleni yahamie kwenye Kiingereza kutoka Kifaransa. Mwaka uliofuata ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Desemba 2019 ikatangaza kwamba hata madarasa ya chini ya msingi yafundishwe kwa Kiingereza. Nchi nzima ya walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa ikatakiwa igeuke. Burundi ilikifanya Kiingereza lugha rasmi mwaka 2014. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilikiandika kwenye katiba yake ya mpito kuwa lugha rasmi ya kazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Kifaransa, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wafanyabiashara wake hawakungoja mikutano ya marais ili kujua wanahitaji lugha gani.

Chukua Lubumbashi. Shaba ya Katanga hutoka kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, na sehemu kubwa huendelea hadi bandari ya Dar es Salaam. Ukivuka Kasumbalesa, karatasi zote ni za Kiingereza na afisa wa forodha ni wa Kiingereza. Karani wa mizigo wa Lubumbashi anajua Kifaransa cha ofisini na Kiswahili cha nyumbani. Anataka aweze kueleza kwamba lakiri ya kontena ilikatika barabarani, haikukatwa, na kwamba uzito ulioandikwa juu ni wa lori pamoja na mzigo. Mwalimu kijana kutoka Ohio, pamoja na cheti chake safi, ataanza kumfundisha rangi na siku za wiki kwa picha, maana hana lugha nyingine ya kumfikia. Mama mstaafu wa Moshi au Kakamega atamwambia kwa Kiswahili, "Kaa hapa baba, nieleze jana pale mpakani ulikwama wapi," na somo litaanzia hapo. Kiswahili cha Lubumbashi kina vionjo vyake na Kifaransa kingi ndani. Wataelewana kabla chai haijapoa.

Hiyo ndiyo bidhaa ambayo mwalimu wetu mzee anayo na hajui kwamba inauzika. Anafahamu mwanafunzi wake anapokosea na kwa nini anakosea, kwa sababu yeye mwenyewe alijifunza Kiingereza darasani, kwa jasho, akiwa na lugha nyingine mbili kichwani. Akimsikia Mnyarwanda anachanganya r na l hashangai. Ameshawanyoosha watoto wenye kosa hilo hilo katika shule tatu. Seoul hawalipii ujuzi huo. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wana sababu ya kuulipia.

Mishahara ya jirani si ya Ghuba, hilo tuliseme wazi. Lakini mstaafu si kijana anayeanza kujenga. Pensheni yake inaendelea kuingia, kwa kuchelewa kama kawaida, lakini inaingia. Anachohitaji ni mkataba wa mwaka mmoja au miwili, nyumba iliyolipiwa, bima ya afya inayokubali mtu mwenye presha, na basi la kumrudisha kwenye msiba ukitokea. Hilo la bima aliulizie pamoja na umri, siku ile ile. Shule inayosema "tutaangalia ukifika" imeshajibu.

Na walimu wenyewe wasikilize kidogo. Kushika chaki miaka mingi hakumfanyi mtu kuwa mwalimu wa watu wazima. Mfanyabiashara wa Bujumbura hakuja jioni, baada ya kufunga duka, ili achambuliwe sentensi ubaoni na kuchapwa alama nyekundu. Anataka kusema. Mwalimu aliyezoea darasa la watoto sitini walionyamaza inabidi ajifunze kunyamaza yeye. Kozi za kufundisha Kiingereza kwa wageni zipo. Nyingi zinazotambulika ni za saa 120, na ile ya Cambridge iitwayo CELTA humtaka mwanafunzi afundishe watu halisi kwa saa 6 huku akitazamwa. Saa hizo 6 zina faida kuliko cheti chenyewe. Hata hivyo mtu asikimbilie kununua kozi kabla hajauliza lile swali la kwanza. Kuna waliorundika vyeti vitatu kwa nchi ambayo isingewapa viza hata wakiwa na kumi.

Upande wa serikali visingizio vimezidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake mna uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka na ahadi ya kutambua vyeti vya nchi wanachama. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusiana kusafiri kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na zimeondoleana ada ya vibali vya kazi. Mtanzania bado anakutana na makaratasi mengi kuliko Mkenya. Lakini hata pale njia ilipo wazi, hakuna ofisi inayomwambia mwalimu anayestaafu kwamba ipo.

Oktoba 2022 Rwanda ilipokea walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe, nchi isiyo hata mwanachama wa Jumuiya yetu. Haikuwa ajabu yoyote. Serikali mbili zilikaa, zikaandikiana mkataba, walimu wakasailiwa, wakapanda ndege. Hakuna wakala aliyepiga mtu ada ya usajili. Kama Harare iliweza, Nairobi, Kampala na Dodoma zinangoja nini? Kila mwaka zinawaaga walimu wa Kiingereza wenye nguvu zao, vyeti vyao na miguu inayopanda ngazi bila kushika ukuta, kwa hotuba na zawadi ya blanketi.

Mawakala nao wabanwe. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira inayosajili mawakala, na orodha yao mtu anaweza kuitazama. Usajili pekee hautoshi. Kila tangazo la kazi ya ualimu nje ya nchi litaje mambo mawili juu kabisa: umri wa mwisho wa kupata kibali, na raia wa nchi zipi wanakubalika. Wakala asiyeyataja arudishe ada yote mwombaji anapokataliwa kwa mojawapo. Hilo halihitaji tume wala semina ya siku tatu hotelini. Ni kifungu kimoja cha kanuni.

Vyama vya walimu, ambavyo vimekata ada kwenye mishahara ya watu hawa tangu ajira ya kwanza, vina namba zao za simu zote. Viandike orodha ya wastaafu wa Kiingereza walio tayari kufundisha nje: umri, afya, lugha wanazojua, miaka wanayoweza kukaa. Orodha iende sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha, na nakala kwa wizara za elimu za Kigali, Bujumbura, Juba na Kinshasa. Mwaka wa shule Rwanda huanza Septemba. Mtu mmoja mwenye simu na daftari ataimaliza kazi hiyo kabla ya muhula kufunguliwa.