Mama Naye Anajua Hesabu

Mama mpendwa, mtoto amerudi kutoka shule na daftari limejaa alama za kukosa. Anauliza, "Mama, 13 toa 8 ni ngapi?" Wengi wetu tumewahi kumjibu: "Msubiri baba yako. Mimi hesabu zilinishinda tangu darasa la pili." Na siku ambazo tumechoka, kuni zinafuka moshi na uji unafurika, tumempiga kofi. Tunakiri kosa hilo. Kofi halimfundishi mtoto kutoa. Linamfundisha kuficha daftari.

Tena si kweli kwamba hatujui. Mtazame mama anayeuza vitunguu sokoni hapa Singida. Mteja amechukua fungu la shilingi 700, ametoa noti ya 1,000. Mama haandiki popote. Anaweka sarafu za mia mia katika kiganja cha mteja huku akisema: "Mia nane, mia tisa, elfu." Chenji ni shilingi 300. Hiyo ndiyo hesabu ya kutoa!

Basi tuanze na vitu, namba zitafuata. Chimba uani vishimo vidogo 10, safu mbili za vitano vitano. Mpe mtoto mbegu za alizeti. Kwa 8 jumlisha 5, aweke mbegu 8, moja katika kila kishimo, kisha mpe nyingine 5. Mbili zitajaza vishimo vilivyobaki, na mkononi atabakiwa na 3. Kumi na tatu! Kiswahili chenyewe kinamsaidia, maana jina la namba hiyo linataja kumi, kisha tatu. Taabu huanza kwenye ishirini na thelathini, maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo hayataji kumi. Mwonyeshe kwamba ishirini ni makumi mawili. Na kama nyumbani mnazungumza Kinyaturu au Kinyiramba, mhesabieni kwanza kwa lugha hiyo. Mbegu ni zile zile.

Kutoa huwasumbua watoto zaidi, kwa kuwa alama ile moja hubeba maswali matatu. Mwanao ayasikie yote:

Kilichobaki: "Kulikuwa na mayai 12, tumepika 9. Yamebaki mangapi?"

Tofauti: "Wewe una karanga 7, mdogo wako ana 4. Umemzidi ngapi?"

Kilichopungua: "Tutakula watu 8, sahani ziko 5. Lete ngapi tena?"

Kwa swali la daftari, afanye kama yule mama wa sokoni: aanze kwenye 8, apande hadi 13 huku akikunja kidole kwa kila namba. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Vidole vitano. Msimkataze vidole, ataviacha mwenyewe atakapozoea. Akishazoea mbegu, achore vidoti kwenye karatasi, na mwisho aandike namba peke yake.

Dakika 10 kwa siku zinatosha, wakati wa kuchambua mchele au kumenya viazi. Akikosa, msiseme "mjinga wewe." Mwambieni, "Hebu hesabu tena tuone." Akipata, muulizeni, "Umepataje?" Hapo mtajua kama ameelewa au amebahatisha. Na neno lile la kwamba hesabu zilitushinda tusilitamke tena mbele ya binti zetu, maana wataliamini na kulirithi.

Kesho binti huyo atatumwa dukani. Asiyejua kutoa atapokea chenji yoyote atakayopewa, na akiwa mtu mzima atauza gunia la alizeti kwa hesabu ya mnunuzi.

Tunaukumbuka mfano wa Bwana Yesu wa mchungaji mwenye kondoo 100. Alijuaje kwamba mmoja amepotea? Aliwahesabu. Leo jioni, kabla ya kufunga banda, mwite mwanao mhesabu kuku pamoja.