Ajali Ina Kinga

Neno "ajali" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliowekwa, yaani ukomo wa uhai ambao mja hawezi kuusogeza mbele wala nyuma, na maana hiyo ya kale bado imo katika msemo unaosikika kwenye misiba mingi, kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una faraja yake kwa mfiwa, na hapana sababu ya kumnyang'anya. Lakini ukifanywa maelezo ya yale yanayotokea katika barabara za Dar es Salaam, unapotosha, kwa kuwa vifo hivyo vina visababishi vinavyoonekana na vinavyopimika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki.

Kisababishi kikubwa ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwa maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva makini huhitaji takriban sekunde moja kuitambua hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Mtoto akichomoza mita 13 mbele, gari la kilomita 30 linaweza kusimama mbele ya miguu yake, ilhali lile la kilomita 50 humgonga kabla breki haijakanyagwa. Hapo ndipo ilipo hoja ya kuweka ukomo wa kilomita 30 mbele ya shule, masoko na zahanati, nayo humfaa dereva pia, ambaye huepushwa na kesi na jinamizi la kuua mtoto wa mtu.

Hata hivyo, kibao cha ukomo peke yake hakipunguzi mwendo. Umbo la barabara ndilo hupunguza. Mwanafunzi wa darasa la pili husimama asubuhi kwenye kivuko ambacho milia yake imefutika na kubaki mabaka. Daladala inasimama kumpisha, konda anamwashiria kwa mkono apite, naye anapiga hatua tatu. Kimo chake hakifiki kioo cha mbele cha daladala, kwa hiyo mwenye pikipiki anayeipita daladala upande wa kulia hamwoni, wala mtoto haioni pikipiki. Wote wawili wangesalimika kama lingekuwapo tuta kabla ya kivuko na kisiwa, yaani kijukwaa cha kupumzikia anayevuka, katikati ya barabara. Mbele kidogo njia ya waenda kwa miguu imezibwa na meza za biashara, magari yaliyoegeshwa na mtaro usio na mfuniko, hivyo mama mwenye mtoto mgongoni hushuka barabarani, akabanana na muuza mikate wa baiskeli. Haki inataka isemwe kwamba machinga hakuweka meza pale kwa ukaidi. Amefuata wateja, na akiondolewa bila kupewa nafasi nyingine atarudi wiki ileile.

Kwamba kinga ipo kumeshadhihirika jijini humo humo. Shirika la Amend limekagua barabara zinazozunguka shule za msingi na kuziwekea njia za miguu, vivuko na matuta, kazi iliyotunukiwa tuzo ya WRI Ross ya miji mwaka 2019. Ni ujenzi wa gharama ndogo.

Kwa hiyo wakazi wa kila mtaa wanaitwa kuifanya barabara kuwa ajenda ya mkutano wa mtaa, wakubaliane sehemu tatu zinazotisha zaidi, wazipige picha, na azimio liandikwe kwenye muhtasari na kutiwa saini na mwenyekiti. Barua ielekezwe kwa mwenye barabara: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa barabara za mitaa, kwani barua iliyokosea mlango huzunguka ofisini miezi mingi. Kamati za shule ziungane na wazazi kuwavusha watoto kwa zamu. Vijiwe vya bodaboda, ambavyo vina viongozi na kanuni zake, vikubaliane kwamba mwanachama hapiti kwenye njia ya miguu wala halipiti gari lililosimama kwenye kivuko, na anayekiuka asimamishwe kijiweni. Mwenye gari binafsi aanze na jambo lililo mikononi mwake leo, la kutoegesha juu ya njia ya miguu. Shule hufunguliwa Januari, na darasa la kwanza jipya litavuka barabara hizo hizo. Barua za mitaa zinapaswa kuwa zimepokelewa na kugongwa mhuri kabla ya asubuhi ya kufungua shule.