Kilomita 113 na Saa za Watu wa Nyumbani

Ndugu msomaji, juma hili twaomba kuzungumzia jambo ambalo kwa wengi wetu ni geni kwa jina, ijapokuwa sehemu zake zote twazijua tangu utotoni. Mtoto wa pwani huogelea kabla hajajua kuhesabu, hupanda baiskeli ya mjomba wake miguu isifike chini, na hukimbia kila anapotumwa dukani. Yako mashindano yanayoyaunganisha mambo hayo matatu: mtu huogelea baharini, akitoka hupanda baiskeli, akishuka hukimbia, na saa yake haisimamishwi hata anapofunga kamba za viatu. Wenyewe huyaita traiathloni.

Mashindano haya si ya kale. Yale marefu kabisa yalianza mwezi wa Februari 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wanaume 15 waliondoka, 12 wakamaliza, na wa kwanza wao, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Mwaka 2000 traiathloni, kwa masafa mafupi zaidi, iliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney. Sisi tulishiriki yale ya nusu ya masafa ya Hawaii: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, na mbio kilomita 21.1. Jumla yake ni kilomita 113, umbali unaokaribia ule wa kutoka Mombasa hadi Malindi.

Msomaji atauliza, na ni haki yake, mtu mzima mwenye kazi na watoto ana haja gani na taabu hiyo? Jawabu letu ni fupi. Tulipovuka miaka 45, daktari alitwambia kwamba sukari katika damu yetu imeanza kupanda. Maradhi hayo tumeyaona nyumbani kwa wazee wetu, na twajua yanavyomla mtu polepole. Tukaanza kutembea kila jioni. Kutembea kukazaa kukimbia, goti likalalamika tukageukia baiskeli, kisha bahari. Miaka mitatu baadaye, jamaa zetu wa upande wa mama walioko Muscat, ambao hadi leo Kiswahili ndicho kisemwacho majumbani mwao, walituarifu kwamba mashindano ya nusu masafa hufanyika mjini mwao. Wakatukaribisha tufikie kwao.

Hapo ndipo lilipoanza lile tunalotaka hasa kulisema leo. Mazoezi ya mashindano haya hutaka saa tisa au kumi kila juma, kwa miezi mitano. Saa hizo hazitoki mbinguni. Aghalabu hutolewa katika usingizi wa mtu, katika mazungumzo yake na mkewe, na katika siku ya mapumziko ambayo watoto huitarajia. Mkimbiaji anayejilipia nauli akadhani amekwisha kulipa gharama zote, hajahesabu vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha tuliketi na watu wa nyumbani, tukaweka hesabu mezani. Mama watoto alisikiliza hadi mwisho, kisha akataja masharti mawili. La kwanza, Ijumaa nzima na jioni zote baada ya magharibi ziwe za nyumba. La pili, moyo upimwe kwanza, na siku ya mashindano, kifua kikibana au kichwa kikizunguka, tusimame papo hapo. Hakuna mtu nyumbani atakayeuliza medali iko wapi.

Sharti hilo la pili lilikuwa na msingi kuliko tulivyodhani. Watafiti wa Marekani walipokusanya habari za mashindano haya nchini mwao kuanzia 1985 hadi 2016, walipata watu 135 waliofariki au waliosimama moyo, na 90 kati yao yaliwapata wakiwa majini. Idadi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na mamilioni walioshiriki. Lakini wengi wao walikuwa wanaume, wastani wa umri wao ulikuwa miaka 47, na baadhi walikuwa na maradhi ya moyo ambayo hawakuyajua. Tukapimwa moyo tukiwa tumepumzika, kisha tukikimbia juu ya mashine, na alhamdulillahi tukapewa ruhusa.

Mazoezi yakafuata majira ya pwani yetu. Siku za bamvua maji hujaa karibu na alfajiri, basi baada ya swala tuliogelea ndani ya mwamba, tukatoka kabla ya saa moja. Jumapili tulishika barabara ya Kilifi kungali na giza kidogo, taa nyuma na mbele, tukarudi kabla matatu na malori hayajajaa. Binti yetu mdogo alijipa kazi ya kuandika katika daftari saa tulizotoka na saa tulizorudi. Tukichelewa, alitusomea.

Siku yenyewe tuliingizwa baharini kwa mafungu madogo madogo, jua limetoka punde. Maji ya Oman mwezi wa Februari yana ubaridi ambao ngozi ya Mombasa haiujui. Mita 200 za mwanzo ndizo nzito kuliko zote: pumzi hukatika, mikono ya wenzako hukugonga, na moyo huenda mbio. Kanuni humruhusu mtu kushika mtumbwi wa waokozi akapumzika, maadamu haumsogezi mbele. Tuliushika mmoja, tukavuta pumzi hadi kifua kikatulia, ndipo tukaendelea. Tulitoka majini kwa dakika 48.

Katika baiskeli kila mtu hupambana na upepo peke yake, kwani ni marufuku kujificha nyuma ya mwenzako. Sharti mwachane mita 12. Hapa ndipo tumbo huamua mambo. Akiba ya sukari iliyomo mwilini haitoshi kazi ya saa saba, basi lazima ule ukiwa njiani. Tulikula tende zilizotolewa kokwa, tukanywa maji yaliyotiwa chumvi kidogo. Maji matupu kupita kiasi nayo ni hatari, kwa sababu huipunguza chumvi ya damu, na mtu huweza kuzimia kwa hilo kama azimiavyo kwa kiu.

Mbio zilianza saa tano na nusu, jua kali. Tulipofika kilomita ya saba adhana ya adhuhuri ilisikika. Wakati wake ni mpana, tukanuia kuiswali tukimaliza. Kilomita ya 14 paja la kulia lilikaza kama kamba ya nanga, na miguu ikakataa. Hapo tulilikumbuka lile sharti, tukajihoji kwa uaminifu. Je, kifua kinabana? La. Kichwa kinazunguka? La. Ni paja tu. Tukaacha kukimbia tukatembea, wengi wakitupita, miongoni mwao mzee aliyetuzidi miaka mingi, akatupa salamu na kutuombea heri. Baada ya kilomita mbili paja lililegea, tukakimbia tena taratibu. Tulimaliza kwa saa saba na dakika tano, mbali kabisa na walio mbele. Tuliosha chumvi, tukaswali, kisha tukapiga simu nyumbani.

Wako wasomaji, hasa vijana, watakaovutiwa na safari kama hii, nasi hatuwakatazi. Wote twakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa, ambacho chatufunza kwamba Mola ana haki, mwili una haki, na watu wa nyumbani wana haki, na kila mwenye haki apewe yake. Anayeulaza mwili miaka 20 amedhulumu mmoja wao. Anayeukimbiza mwili hadi watoto wake wamsahau amedhulumu wengine. Mazoezi yaliyokubaliwa na nyumba nzima huwa ya nyumba nzima: hivi sasa mama watoto hutembea nasi kila jioni, na sukari yetu imeshuka katika kiwango anachokiridhia daktari.

Basi anayetaka kuanza na aanze kwa kutembea, baada ya kupimwa, na baada ya kuketi na mkewe, au mumewe, na wanawe. Mwenyezi Mungu atujaalie afya tuitumie katika kheri, na nyumba zinazotuombea dua tunapotoka. Amin.