Vijifuko Hivi Si Uchafu

Hoja yenu ni kwamba vijifuko vya utando wa nje wa bakteria ni uchafu wenye sumu, na chanjo ya kisasa itumie protini safi tu. Sumu? Sehemu yake kubwa huoshwa kwa kemikali ya jamii ya sabuni. Kwa inayobaki, mkono wa mtoto utauma, homa itapanda, basi.

Hilo la "protini safi" ndilo bovu kabisa. Protini ya PorA ya meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ukiing'oa kwenye utando wake, hupoteza umbo, na kinga inafundishwa sura isiyokuwepo. New Zealand ilichanja dhidi ya meningokoka kwa vijifuko kuanzia 2004. Utafiti wa 2017 ukaonyesha vilikinga hata dhidi ya kisonono kwa takriban asilimia 31. Na chanjo ya meningokoka ya Bexsero, mnayoisifia protini zake? Imebeba vijifuko hivyohivyo vya New Zealand, ndani ya sindano ileile.