Acheni kutuhesabia GB, tuambieni spidi

Wadau, niko likizo nyumbani Heru Juu, Kasulu. Nimekuja na laptopu yenye Microsoft Flight Simulator, ile ya mwaka 2020, na mpwa wangu wa kidato cha pili hanipi hata nafasi ya kunywa chai. Anataka kuwa rubani. Jana jioni tukapanga Cessna 172 kwenye uwanja wa Kigoma, tukaruka kuja nyumbani. Ziwa likabaki nyuma, tukaanza kupanda milima... na hapo hapo dunia ikaanza kuyeyuka. Vilima vikawa kama uji wa kijani. Barabara hakuna, mabati hakuna, migomba hakuna! Mwisho mchezo wenyewe ukatangaza kwamba intaneti ni dhaifu, ukaanza kuchora miti ya kubuni.

"Mjomba, mbona kwetu hakupo?"

Heru ya Mwami Theresa Ntare, eti haipo! Nikampigia rafiki yangu Dar, mtaalamu wa mambo haya. Jibu lake: "Nunua bando kubwa." Jamani, bando lilikuwepo. GB 10 za saa 24, na simu niliyoigeuza kuwa modemu ilikuwa inaonyesha vimstari vyote vya mtandao. Laptopu nayo haina kosa. Tukirudi Dar inachora Posta mpaka Kariakoo bila shida.

Hebu tupige hesabu. Mchezo huu haubebi dunia nzima kwenye diski. Picha za setilaiti na ramani za milima ziko kwenye seva za Microsoft, zaidi ya petabaiti 2, na zinakuja kidogo kidogo kadiri unavyoruka. Kigoma mpaka Kasulu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 60. Cessna inakwenda karibu kilomita 220 kwa saa, maana yake kila dakika unahitaji ardhi mpya ya kilomita 3 na ushee. Ikichelewa, ndege haisubiri. Unaruka juu ya uji.

Microsoft walitaja megabiti 5 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini, na 20 ndiyo waliyoipendekeza. Tafadhali ni megabiti, siyo megabaiti! Baiti moja ni biti 8, na hapo ndipo wengi tunapopigwa changa la macho. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5. Kwa safari yetu ya dakika 17 bomba la namna hiyo linaweza kupitisha kama GB 2.5. Mimi nilipopima jana saa mbili usiku nilipata megabiti 2. Gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde za dakika 17: megabaiti 255. Kati ya kila vikombe kumi vya maji, kwetu kinafika kimoja.

Sasa angalia lile bando. Kwa megabiti 2, saa nzima inapitisha GB 0.9. Ili nimalize GB 10 ningehitaji zaidi ya saa 11 mfululizo, bila kula wala kulala. Saa 24 zikaisha, GB zaidi ya 8 zikafutwa, na fedha yangu ikaenda nazo. Nimeuziwa tanki la maji lenye bomba la kalamu, kisha kesho yake wakaja kumwaga yaliyobaki!

Najua kuna watakaosema hii ni michezo ya wenye nafasi zao. Sawa. Mchezo ndio ulionionyesha, kwa sababu hauwezi kuficha: ardhi inafika au haifiki. Lakini bomba ni lile lile analotumia binti wa jirani kupakia nyaraka za maombi ya mkopo wa chuo kikuu, ukurasa ukagoma kufunguka siku ya mwisho. Yeye anaambiwa "jaribu tena baadaye".

Vile vimstari navyo vinadanganya. Vinasema simu yako inausikia mnara vizuri, basi. Havisemi mmejazana wangapi kwenye mnara huo, wala mnara wenyewe umeunganishwa na njia ya upana gani kwenda mjini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unatoa ruzuku minara ijengwe vijijini, na nashukuru, bila hiyo tungekuwa tunapanda kilima kupiga simu. Ila mnara ukizinduliwa, waandishi wenzangu tunaandika "wananchi wapata intaneti" tunaondoka. Mimi pia nimeandika hivyo. Hakuna aliyeuliza megabiti ngapi, saa ngapi, kwa watu wangapi.

Nataka kwenye menyu ya bando, kando ya GB na bei, iandikwe spidi ya chini ninayoahidiwa saa mbili usiku nikiwa kata yangu. Siyo "mpaka megabiti kadhaa". Hiyo "mpaka" hata sifuri imo ndani yake.

Wa Ulaya nao wasitucheke. Toleo la 2024 lilipotoka Novemba mwaka huo, seva zilizidiwa, watu wenye nyaya za kasi majumbani wakakaa wanatazama mstari wa kupakia. Ila wao walipata radhi ya kampuni.

Leo mpwa wangu ameamka saa kumi na moja alfajiri, kijiji kimelala. Tumepima: megabiti 9. Ndege iko Kigoma, injini inawaka, na safari hii ananiandikia spidi kwenye daftari kila dakika.