Watoto wetu wanadaiwa cheti cha ubatizo kilichobaki vitani

Tuseme wazi, maana tumenyamaza siku nyingi. Hapa kambini kuna watoto Wakatoliki wanaokaa mwaka mzima kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Wanajua Baba Yetu, wanajua Amri Kumi, maswali mengine wanayajibu kutushinda sisi wakubwa. Halafu siku chache kabla ya sikukuu wanaitwa pembeni: "Cheti cha ubatizo kiko wapi?" Hakipo. Basi jina linakatwa. Wenzao wanavaa nguo nyeupe, wao wanakaa benchi la nyuma.

Sisi ni vijana wa Kivu tulioko Uganda, wengi wetu Nakivale. Tunajua vile tulivyofika. Mwezi wa Juni 2022, M23 walipochukua Bunagana, watu walivuka mpaka kuingia Kisoro na watoto mgongoni. Mama alibeba sufuria, baba akabeba godoro, dada akabeba simu na chaja. Nani alikumbuka kupita parokiani kuomba cheti? Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikafuata Bukavu, na hao waliofika nyuma yetu wamekuja vilevile, mikono mitupu.

Hatutaji parokia wala padri. Hatutafuti ugomvi na mtu. Tunapinga desturi, na desturi hii tumeiona zaidi ya mara moja.

Tunajua inamfanya nini mtoto. Wa miaka 11 anarudishwa darasa la mafundisho pamoja na wa miaka 8. Mwaka unaofuata anaulizwa swali lilelile, na jibu ni lilelile, kwa sababu vita haijamrudishia cheti. Mwaka wa tatu haji tena. Ukimuuliza anakwambia Jumapili anachunga mbuzi. Kumbe anaona aibu. Halafu wakubwa wanakaa kwenye kikao wanalalamika eti vijana wa siku hizi hawapendi kanisa!

Wazazi wengine, kwa kuchoka, wanakubali neno baya zaidi: "Basi abatizwe upya, tuanze moja." Jamani, hapo ndipo tunashangaa. Katekisimu hiyohiyo wanayofundishwa watoto inasema ubatizo ni mara moja tu, haurudiwi. Sasa tunamfundisha mtoto jambo moja asubuhi, na mchana tunamtendea kinyume chake kwa sababu ya karatasi?

Sheria ya Kanisa yenyewe inasemaje? Tumeisoma, na nyie isomeni. Kanuni za Kanisa za mwaka 1983, namba 876, zinasema hivi kwa maneno yetu: kama hakuna mtu anayedhurika, ubatizo unathibitishwa na shahidi mmoja tu asiyetiliwa shaka. Mmoja! Na kama mtu alibatizwa akiwa mkubwa, kiapo chake mwenyewe kinatosha.

Huyo shahidi yupo. Mama yake mtoto yupo. Msimamizi wake wa ubatizo pengine anakaa kijiji cha pili, mnakutana naye kwenye foleni ya maji. Bibi aliyemshika siku ile bado ana akili timamu na anakumbuka hata mvua iliyonyesha. Mmewauliza?

Namba 913 inaeleza mtoto anatakiwa nini ili apokee Komunyo: awe na maarifa ya kutosha kwa umri wake na awe ameandaliwa vizuri, ili aelewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake na apokee kwa imani na heshima. Namba 914 inawapa jukumu la kumwandaa wazazi pamoja na paroko. Kwamba awe amebatizwa, hilo halina ubishi. Lakini amebatizwa! Kinachokosekana ni karatasi. Na namba 843 inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti watu wanaoziomba kwa wakati wake, walio tayari, na ambao sheria haiwakatazi. Kupoteza makaratasi kwenye vita hakumo kwenye makatazo.

Tena tuko Uganda, nchi ya mashahidi. Kila tarehe 3 Juni watu wanatembea kwa miguu mpaka Namugongo, na watoto wetu wanaimba nyimbo za Mtakatifu Kizito. Mnakumbuka Kizito alibatizwa vipi? Ilikuwa Mei 1886, pale Munyonyo, mateso yameshakaribia. Padri hakuwepo. Karoli Lwanga, mlei, ndiye aliyembatiza yeye na wenzake kadhaa. Siku chache baadaye wakachomwa moto Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu, na aliyesimulia jinsi Kizito alivyobatizwa hakudaiwa kuleta cheti. Kanisa liliamini ushuhuda wa watu waliokuwepo. Leo mtoto aliyebatizwa na padri, kanisani, mchana, mbele ya jumuiya nzima kule Rutshuru, eti hatuna namna ya kumwamini?

Tunajua majibu mtakayotupa. La kwanza: "Watu watadanganya." Wadanganye wapate nini? Komunyo haiongezi mgao wa chakula. Haimpeleki mtu Kanada. Mama anayeapa mbele ya padri kwamba mwanae alibatizwa hana faida nyingine anayoitafuta.

La pili: "Tukikosea tutampa Komunyo asiyebatizwa." Ndiyo maana tunasema chunguzeni. Ulizeni mwaka gani, parokia gani, nani alisimamia. Shaka ikibaki baada ya kuchunguza kwa kweli, namba 869 imeshatoa njia: ubatizo wa masharti, na mhusika au wazazi wake waelezwe kwanza sababu ya shaka hiyo. Njia ipo. Kinachotuuma ni kwamba mtoto anakatwa jina kabla hata ya kuulizwa swali moja.

La tatu: "Siku moja atafunga ndoa, atahitaji cheti." Kweli, na siku hiyo padri atafanya uchunguzi wa ndoa. Kitabu cha ubatizo kinaandikwa kipaimara, ndoa, upadri na mengine ya namna hiyo, kama namba 535 inavyoagiza. Komunyo ya kwanza haimo hata kwenye orodha hiyo. Mtoto wa miaka 9 anaadhibiwa leo kwa ajili ya harusi ya miaka 20 ijayo.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, msifikiri haya hayawahusu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 4, unazungumzia uhuru wa mkimbizi kufuata dini yake na uhuru wa elimu ya dini kwa watoto wake. Ni kweli kifungu hicho kinaifunga serikali, hakiifungi parokia. Lakini kinaonyesha kwamba waliouandika hawakuona mafundisho ya dini kama jambo dogo la kusubiri mpaka watu washibe. Nyie wenyewe, mtu akija mpokeaji bila kitambulisho, mnamsikiliza, mnaandika maelezo yake, mnampa nafasi ya kuaminiwa, kwa sababu mnajua anayekimbia hakimbii na kabati. Ofisi inaweza kumwamini mkimbizi kwa neno lake. Kanisa lishindwe?

Tunachoomba ni kidogo na hakina gharama.

Moja, swali la ubatizo liulizwe siku ya kwanza ya mafundisho, lisingoje wiki ya mwisho. Mwaka mzima unatosha kutafuta ushahidi.

Mbili, kuwe na daftari la ushuhuda. Shahidi aje, aseme, aweke sahihi au dole gumba, padri apige mhuri. Ukurasa mmoja kwa mtoto.

Tatu, pale ambapo parokia ya Kongo bado ipo na vitabu vyake, paroko wa hapa ndiye aandike au apige simu. Kumwambia mzazi "rudi ulete" ni kumrudisha kwenye risasi.

Nne, sisi vijana tuko tayari kusaidia. Tuna simu, tuna makundi ya WhatsApp ya karibu kila parokia tuliyotoka. Tupeni majina, tutawatafuta wasimamizi.

Wakatekista wetu tunawashukuru. Mnafundisha chini ya mti, bila mshahara, na mara nyingi nyie ndio mnaotumwa kumwambia mtoto "jina lako halipo". Msikubali kulibeba neno hilo peke yenu. Mwendeeni Baba Paroko na ukurasa wa kanuni 876 mkononi, kwa heshima, mkamwombe ausome pamoja nanyi.

Na wazazi: msikubali mtoto abatizwe mara ya pili kama mnajua kwa hakika alibatizwa. Semeni, "Padri, mimi ni shahidi." Sheria iko upande wenu.

Mafundisho ya mwaka mpya yanaanza hivi karibuni. Kila mmoja wetu atafute mtoto mmoja aliyekatwa jina mwaka uliopita, amshike mkono, aende naye mpaka kwa paroko pamoja na shahidi wake.